Katapatan: Mfilipino anaposema "hiki si changu"

Ndani ya dyip, ile gari ya abiria ya Ufilipino iliyotokana na jipu za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, mara nyingi hakuna kondakta. Abiria wanakaa kwenye mabenchi mawili marefu, wanatazamana, magoti karibu yagusane. Aliye nyuma kabisa, karibu na mlango, anatoa noti ya peso 100 na kumwambia jirani yake, "Bayad po," yaani nauli hii, tafadhali. Jirani anaipokea na kumpa wa pili, wa pili anampa wa tatu, hadi imfikie dereva ambaye mkono mmoja uko kwenye usukani. Dereva anahesabu chenji huku akiitazama barabara, nayo inarudi njia ileile iliyoendea noti. Mwaka 2023 nauli ya chini ilipopanda hadi peso 13, maana yake ni kwamba peso 87 zilipita kwenye viganja vya watu watano au sita wasiojuana kabla ya kutua kwa mwenyewe. Hakuna risiti, hakuna anayesimamia. Jambo hili hutokea mara nyingi mno kila siku katika jiji la Manila, wala hakuna anayeliona kuwa la ajabu.

Nimeanza hapo kwa sababu watu wengi wakizungumzia uaminifu wa Wafilipino hukimbilia kwenye habari kubwakubwa: dereva wa teksi aliyerudisha begi la dola, mfagizi wa uwanja wa ndege aliyeokota bahasha nene. Habari hizo zipo, na nitazifikia. Ila dhana yenyewe, wanayoiita *katapatan*, inaishi kwanza kwenye zile peso 87.

Mzizi wa neno, katika Kitagalogi, lugha kuu ya Ufilipino, ni *tapat*. Mtu *tapat* ni mkweli, mwaminifu, asiyekuwa na sura mbili. Lakini neno hilohilo hutumika kuelekeza njia: nyumba iliyo *tapat* ya kanisa ni nyumba inayotazamana na kanisa, uso kwa uso. *Katapat* ni yule aliye upande wa pili mbele yako. *Magtapat* ni kukiri, kufungua moyo na kusema lililofichwa. Sisi kwa Kiswahili tulimwita mwaminifu mnyofu, tukapata picha ya kitu kilichonyooka, kisichopinda. Mtagalogi yeye amechukua picha ya watu wawili wanaotazamana. Kwa macho yangu tofauti hiyo ni kubwa. Mnyofu anaweza kuwa mnyofu hata akiwa peke yake kisiwani. Aliye *tapat* lazima awe na mtu mbele yake, hata kama mtu huyo hayupo na jina lake halijulikani, kama ilivyo kwa mwenye pochi iliyoangukia kwenye kiti.

Kitu kilichookotwa kina msamiati wake. *Napulot* ni kukiokota kwa kukikuta tu, bila kukitafuta, na *nakapulot* ni yule aliyekiokota. Mwenye mali ni *may-ari*, na neno hilo limeundwa karibu sawa na letu: *may* ni kuwa na, *ari* ni mali. Kurudisha ni *magsauli*, au *isauli* ukitaja kile kinachorudishwa. Neno hili si la magazeti peke yake. Kwenye *sari-sari*, vile viduka vidogo vya mtaani vyenye dirisha la nondo, ukinunua soda ya chupa ya kioo na huna chupa tupu ya kubadilisha, muuzaji anakumiminia soda kwenye mfuko wa plastiki, anachomeka mrija, unaondoka nayo hivyo. Ukitaka kuondoka na chupa, utaacha pesa ya dhamana hadi uirudishe. Kurudisha chupa hiyo nako ni *isauli*. Mtoto wa miaka sita anayetumwa dukani tayari amejifunza kwamba kuna kitu unaweza kukishika mkononi, ukakinywea kabisa, na bado kikawa cha mwingine.

Kisebuano, lugha kubwa ya visiwa vya kati na sehemu za kusini, kina picha ninayoipenda zaidi. *Uli* ni kurudi nyumbani. *Iuli* ni kumrudishia mtu kitu chake. Ni mzizi mmoja: pochi inaenda kwao.

Sasa kwa nini arudishe? Hapa ndipo maneno mengine matatu yanapoingia, na bila hayo katapatan haieleweki.

La kwanza ni *hiya*. Kwa sikio la Mswahili linafanana na haya, ingawa haya yetu ilitoka kwenye Kiarabu, na maana zake zinakaribiana mno. Mfilipino akimtukana mtu *walang hiya*, amemwambia hasa tunachosema sisi: hana haya, hana vibaya. Ni tusi zito. Hiya si woga wa kuonwa tu. Ni ile hisia ya kujua mpaka wako uko wapi mbele ya wengine, na kujisikia vibaya ukiuvuka hata kama hakuna aliyekuona.

La pili ni *kapwa*. Mwanasaikolojia Virgilio Enriquez (1942–1994), aliyefundisha Chuo Kikuu cha Ufilipino na kuasisi *Sikolohiyang Pilipino*, saikolojia inayoanzia kwenye lugha na maisha ya Wafilipino wenyewe, aliliweka neno hili katikati ya maadili yao yote. Hoja yake ni kwamba ukilitafsiri kapwa kuwa "wengine" umelipotosha, kwa sababu "wengine" huanza kwa kuwatenga na mimi, ilhali kapwa inanijumuisha mimi na wao pamoja. Wanaolitafsiri kwa Kiingereza huhangaika. Sisi hatuna haja ya kuhangaika, maana tunalo: mwenzangu. Tunapomkanya mtu "huyo ni mwenzio", hatutaji undugu wala urafiki. Ndiyo kapwa. Aliyepoteza simu si mtu baki, ni mwenzio ambaye leo imemwangukia yeye.

La tatu ni *loob*, yaani ndani. Wafilipino huyaweka ndani yale ambayo sisi huyaweka moyoni. *Sama ng loob* ni kinyongo. *Lakas ng loob* ni ujasiri. Na jambo linalofanywa bila kusukumwa wala kutarajia malipo husemwa ni *bukal sa loob*, chemchemi iliyobubujika kutoka ndani. Kurudisha kitu kwa kuwa kamera ilikuwa inakutazama si *bukal sa loob*. Kitu kimerudi, ndiyo, mwenyewe amefurahi, lakini neno hilo halitatumika.

Katika maisha ya kila siku kuna njia zinazozoeleka. Kitu kikiokotwa mtaani, hupelekwa kwenye ofisi ya *barangay*, ngazi ya chini kabisa ya serikali, kama serikali ya mtaa kwa Tanzania. Nchi nzima zipo zaidi ya 42,000. Dereva wa teksi aliyekuta begi kwenye kiti cha nyuma anaweza kulipeleka kituo cha redio ili litangazwe hewani, na mwenye begi naye, akishashuka na kugundua, hukimbilia hukohuko. Mji wa Baguio, juu kwenye milima ya Cordillera kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, umejijengea jina kwa madereva wake. Muulize Mfilipino yeyote kuhusu teksi za Baguio, atakwambia kwamba kule chenji hurudishwa hadi peso ya mwisho, na ukisahau kitu usikate tamaa mapema. Wakatoliki, ambao ndio wengi, watamwomba pia San Antonio wa Padua, msimamizi wa vilivyopotea, halafu watapiga simu redioni. Hawaoni mgongano wowote kati ya hayo mawili.

Sheria nayo ina neno, na inashangaza ilivyo na maelezo mengi. Kanuni ya Madai ya mwaka 1949, kifungu cha 719, inamtaka aliyeokota kitu kinachohamishika akirudishe kwa aliyekuwa nacho. Kama hajulikani, akikabidhi mara moja kwa meya wa mji au manispaa kilipookotwa. Meya anatangaza kwa wiki mbili mfululizo. Miezi 6 ikipita tangu tangazo bila mwenyewe kutokea, kitu kinakuwa cha aliyekiokota. Mwenyewe akitokea kwa wakati, kifungu cha 720 kinamlazimu kutoa zawadi ya sehemu moja ya kumi ya thamani: aliyerudishiwa peso 50,000 anadaiwa 5,000. Na upande wa pili upo mkali. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, inayotumika tangu 1932, kinahesabu kuwa ni mwizi mtu aliyeokota mali iliyopotea asiikabidhi kwa mwenyewe wala kwa mamlaka. "Nimeokota, sikuiba" si utetezi.

Zawadi hiyo wanaiita *pabuya*, na hapa ndipo jambo linapokuwa na uzito wa kibinadamu. Sheria inasema chukua. *Loob* inasita. Mara nyingi aliyerudisha hukataa fedha na kusema *hindi akin 'yon*, hiyo si yangu, au kwamba mwenyewe huenda anazihitaji zaidi. Kuna wanaoliona hilo kama ujinga, hasa kwa mtu anayehesabu mchele wa kesho. Mimi sioni hivyo. Pabuya ikishapokewa, hesabu imefungwa: umenipa, nimekulipa, kila mtu aende zake. Ikikataliwa, kinabaki kile wanachokiita *utang na loob*, deni la ndani, ambalo halilipiki kwa noti. Aliyerudishiwa ataleta chakula, atakumbuka siku ya kuzaliwa ya mtoto, mwaka wa kesho akisikia nafasi ya kazi atampigia simu yule dereva kwanza. Watu wawili ambao jana hawakujuana wamefungwa kwa uzi. Hata hivyo siwezi kumlaumu anayepokea. Ada ya shule ni ada ya shule, na asilimia 10 ni haki yake kisheria.

Lazima niseme pia kwamba Wafilipino hawajajisahau wakadhani wote ni malaika. Wana jina kamili la wezi wa kwenye dyip: *laglag-barya*, "dondosha sarafu". Mmoja anaangusha chenji sakafuni kana kwamba imemponyoka, abiria wema wanainama kumsaidia kuokota, na mwenzake anachomoa pochi. Angalia walichokitumia: ile tabia ya kushika sarafu ya mwenzako na kumrudishia. Wizi huu unaweza kufanikiwa tu mahali ambapo watu huinama kusaidia. Na kwa kuwa si wote walio waaminifu, begi linaporudishwa huwa habari, dereva anapigwa picha, ofisi inampa cheti. Kama lingekuwa jambo la kila mtu kila siku lisingetangazwa, na kama lisingekuwa na thamani wasingehangaika.

Waswahili waliofanya kazi Dubai, Doha au Muscat wamekutana na dhana hii bila kusoma popote. Wameishi chumba kimoja au jengo moja na *kabayan*, kama Wafilipino wanavyoitana, na sasa kila mtu Ghuba huwaita hivyo. Katika kazi za hoteli na za ndani, ambako pete ya tajiri inaweza kusahauliwa juu ya sinki, mtu anayesema "hiki si changu" analinda pia kazi yake na jina la wote wanaotoka kwao. Hiya hapo inabeba nchi nzima, mzigo ambao naona si wa haki kumtwika mhudumu mmoja.

Ukitaka kuiona katapatan ikiwa peke yake, bila msimamizi wala cheti, nenda Ivana, katika visiwa vya Batanes, kaskazini kabisa karibu na Taiwan. Karibu na gati ambapo boti huvuka kwenda kisiwa cha Sabtang kuna duka dogo lililofunguliwa na mwalimu mstaafu. Halina muuzaji. Unachukua kahawa, biskuti au soda, unaandika kwenye daftari ulichochukua, unatumbukiza hela kwenye sanduku, na kama huna chenji ni juu yako. Ukutani kuna maandishi yanayosema duka hili ni dogo mno kuwatosha wasio waaminifu. Wavuvi, wanafunzi na abiria wanaosubiri boti wanaingia, wanaandika, wanatoka.