Kichina na Kilao: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Tangu Desemba 2021 reli inaiunganisha Vientiane, mji mkuu wa Laos, na mji wa Kunming ulioko kusini-magharibi mwa China, na stesheni za upande wa Laos zina majina yaliyoandikwa kwa Kilao na kwa Kichina. Ujirani huo umezipa nguvu dhana ambazo zilikuwapo kabla ya reli yenyewe: kwamba Kilao ni aina ya Kichina, kwamba toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno, ni ushahidi wa undugu, na kwamba anayeijua lugha moja amekwisha kuifahamu nusu ya nyingine. Dhana hizo zinakidhulumu Kilao, lugha yenye ukoo wake, mwandiko wake na historia yake.

Dhana: Kilao ni tawi la Kichina

Kichina kimo katika familia ya lugha za Kisino-Tibeti, pamoja na Kitibeti na Kiburma. Kilao kimo katika familia ya Kra-Dai, pamoja na Kithai, Kishan cha Myanmar, na Kizhuang kinachozungumzwa katika mkoa wa Guangxi, ndani ya China yenyewe. Huenda dhana hii imetokana na jambo hilo la mwisho, kwa kuwa chimbuko la lugha za Kra-Dai liko katika eneo ambalo leo ni kusini mwa China, na wasemaji wa baadhi yake walihamia hatua kwa hatua hadi kwenye mabonde ya mto Mekong. Lakini lugha kuzaliwa katika ardhi ambayo leo ni ya China hakuifanyi kuwa Kichina.

Wataalamu nao waliwahi kuziweka pamoja. Mwaka 1937 mwanaisimu Li Fang-Kuei aliziingiza lugha za Kitai, tawi la Kra-Dai lenye Kilao na Kithai, katika familia moja na Kichina, na wapo wataalamu nchini China wanaoushikilia uainishaji huo hadi leo. Mwaka 1942 Paul Benedict alipendekeza kuzitoa humo na kuzihusisha na lugha za Kiaustronesia, ambamo Kimalei na Kimalagasi vimo. Pendekezo lake la pili bado linajadiliwa, ila kuhusu la kwanza wanaisimu wengi wamekubaliana naye.

Dhana: tarakimu zinathibitisha undugu

Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na anayeitoa hastahili kubezwa. Kwa Kilao tatu ni *sam*, nne ni *si*, sita ni *hok*, saba ni *chet*, nane ni *paet*, tisa ni *kao* na kumi ni *sip*. Kwa Kimandarini, yaani Kichina sanifu, ni *sān*, *sì*, *liù*, *qī*, *bā*, *jiǔ* na *shí*. Mfanano upo, na si wa bahati.

Unatokana na ukopaji wa zamani sana. Kichina cha kale kilikuwa na maneno yaliyoishia kwa sauti *p*, *t*, *k* na *m*. Kimandarini kimezipoteza sauti hizo mwishoni mwa maneno, lakini Kikantoni, kinachozungumzwa Guangdong na Hong Kong, bado kinazo: sita ni *luk*, saba ni *cat*, nane ni *baat*, kumi ni *sap*, tatu ni *saam*. Ukiipanga safu hiyo kando ya *hok*, *chet*, *paet*, *sip* na *sam* za Kilao, kila mwisho wa neno unalingana na mwenzake. Lugha za Kitai zilizipokea tarakimu hizi wakati Kichina kilikuwa bado kinazitamka sauti hizo za mwisho, zikazihifadhi, na ndiyo maana katika jambo hili msemaji wa Kilao amebaki karibu zaidi na Kichina cha kale kuliko msemaji wa Beijing. Mimi naliona hilo kuwa la kuvutia kuliko undugu wenyewe.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Sita, saba, tisa na ishirini tumezipokea kutoka Kiarabu, na Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya Kibantu. Tarakimu husafiri na biashara, kodi na vipimo. Undugu hutafutwa kwingine. Ukiyapima maneno ya msingi, Kilao kinaachana na Kichina mara moja: maji ni *nam*, ilhali Kimandarini ni *shuǐ*, jicho ni *ta*, ilhali Kimandarini ni *yǎn*, mkono ni *mue*, ilhali Kimandarini ni *shǒu*. Hata neno la namba 1, *neung*, halifanani na *yī* ya Kimandarini.

Dhana: lugha zenye toni ni za ukoo mmoja

Kimandarini kina toni nne, mbali na silabi zisizo na mkazo ambazo hazina toni yake. Kikantoni kwa kawaida huhesabiwa kuwa na toni sita. Kilao cha Vientiane huhesabiwa toni tano au sita kutegemea mchambuzi. Idadi hizo hazisemi lolote kuhusu ukoo, kwani toni huweza kuzuka ndani ya lugha pale konsonanti fulani zinapofifia, na huenea kati ya majirani. Kivietinamu na Kikhmer cha Kambodia ni lugha za familia moja. Ya kwanza ina toni, ya pili haina. Kikuyu kina toni, na Kiswahili, ndugu yake wa Kibantu, hakina.

Toni za lugha moja pia hazihamishiki kwenda nyingine. Mchina anayejifunza Kilao atafurahi kusikia kwamba farasi ni *ma*, karibu sawa na *mǎ* ya kwao. Akikosea toni, ametamka mbwa, ambaye pia ni *ma*, au kitenzi cha kuja, ambacho nacho ni *ma*.

Dhana: sarufi yao ni ile ile

Ni kweli kwamba lugha zote mbili hazibadilishi kitenzi kwa nafsi wala wakati, kwamba mtenda hutangulia kitenzi na mtendwa hukifuata, na kwamba idadi ya vitu hutajwa pamoja na kiainishi, yaani neno dogo linaloonyesha aina ya kitu kinachohesabiwa. Tofauti hujitokeza unapoanza kulipanga fungu la maneno. Vitabu vitatu kwa Kimandarini ni *sān běn shū*: tatu, kiainishi, kitabu. Kwa Kilao ni *peum sam hua*: kitabu, tatu, kiainishi. Nyumba kubwa kwa Kimandarini ni *dà fángzi*, kivumishi kikitangulia, na kwa Kilao ni *heuan nyai*, nomino ikitangulia. Kitabu changu ni *wǒ de shū* upande mmoja na *peum khong khoi* upande wa pili, ambako mwenye mali hutajwa mwishoni. Katika mpangilio huu Kilao kinafanana na Kiswahili kuliko Kichina, na hakuna anayedai kwamba Kilao na Kiswahili ni ndugu.

Dhana: Walao huandika kwa alama za Kichina

Mwandiko wa Kilao una asili ya India. Umetokana na mwandiko wa Brahmi kupitia ule wa Wakhmer, na ni wa herufi zinazowakilisha sauti. Neno la kitabu, ປຶ້ມ, lina herufi ya *p*, juu yake irabu, juu ya irabu alama ya toni, kisha herufi ya *m*. Alama ya Kichina 书 haina sehemu yoyote inayomwonyesha msomaji kwamba itamkwe *shū*. Pamoja na mwandiko, Kilao kilipokea maneno mengi ya Kipali na Kisanskriti kwa njia ya dini ya Buddha: *phasa*, lugha, na *pathet*, nchi, ni ya asili hiyo.

Dhana: jamaa wa karibu wa Kilao watafutwe China

Wako ng'ambo ya Mekong, upande wa Thailand. Katika eneo la Isan, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, wanaishi wasemaji wa Kilao wengi mara kadhaa kuliko walioko Laos, ingawa lugha yao huko huitwa Kiisan na, kwa kuwa shule hufundisha kwa Kithai, wengi wao huiandika kwa herufi za Kithai.