Swichi inavyowakumbuka majirani zake

Kwenye kompyuta ya ofisini yenye Windows, fungua dirisha la amri uandike arp -a. Itatokea orodha fupi: kushoto anwani za IP, kando yake herufi na tarakimu 12 zilizotenganishwa kwa vistari. Hao ni majirani ambao mashine yako imewasiliana nao karibuni. Swichi, kifaa kinachounganisha mashine za mtandao, ikiwa ni ya aina inayoelekeza pakiti za IP (vipande vya data), ina orodha kama hiyo, ila yake inaweza kufika maelfu.

Inaihitaji kwa sababu ndani ya mtandao mmoja wa Ethernet fremu, yaani kifurushi kinachobeba pakiti, haifikishwi kwa IP. Hufikishwa kwa anwani ya MAC, zile herufi na tarakimu 12, ambayo kwa kawaida kadi ya mtandao hupewa kiwandani. Pakiti ya 10.20.4.17 ikiingia, na swichi haimjui mwenye anwani hiyo, hupiga mbiu: nani mwenye 10.20.4.17? Wote husikia, mwenyewe hujibu. Utaratibu huo ni ARP, ulioandikwa na David Plummer mwaka 1982, na bado tunautumia. IPv6, toleo jipya la IP, ina wake, Neighbor Discovery, usiosumbua mtaa mzima kwa kila swali.

Jibu likipatikana huandikwa kwenye kumbukumbu ya prosesa, kisha hunakiliwa kwenye chipu ya kusukuma pakiti. Huko huwekwa likiwa tayari: MAC ya mpokeaji, MAC ya swichi yenyewe, na njia ya kutokea. Ni bahasha iliyokwisha andikwa anwani. Pakiti zinazofuata hutumbukizwa tu, prosesa haiulizwi tena. Pakiti ya kwanza ndiyo huumia, kwani inaweza kutupwa wakati mbiu bado inapigwa. Ukipiga ping, yaani maswali manne mafupi ya kujaribu kama mashine ipo, kwa mashine iliyokuwa kimya, usishangae jibu la kwanza likipotea na matatu yakarudi. Watu huniletea jambo hili kama hitilafu. Si hitilafu.

Panapotatiza ni kwingine. ARP humwambia swichi MAC ya jirani. Jedwali jingine, la MAC, ndilo husema yuko poti gani, yaani tundu gani la swichi. Majedwali haya hayasahau kwa wakati mmoja. Kwenye swichi za Cisco Catalyst, kwa mpangilio wa kiwandani, ARP hudumu saa 4, MAC ambayo haijasikika hufutwa baada ya sekunde 300.

Chukua seva ya kukusanya kumbukumbu za matukio. Inapokea mchana kutwa, yenyewe haisemi neno. Dakika 5 zikipita swichi imesahau poti yake, lakini bahasha ipo, MAC imeandikwa. Hapo swichi hufanya jambo pekee inaloweza: hutoa nakala kwenye poti zote za VLAN ile (kundi la poti lililotengwa kama mtandao wake), isipokuwa ile ilikoingilia. Kompyuta ya mhasibu inapokea shehena isiyo yake, na mtandao unakuwa mzito bila kifaa chochote kuharibika.

Dawa ni kuufanya muda wa ARP uwe mfupi kuliko wa MAC, ili mbiu ipigwe na seva ilazimike kujibu kabla poti yake haijasahaulika. Swichi za Cisco Nexus hutoka kiwandani hivyo: sekunde 1500 za ARP kwa 1800 za MAC. Kwa hiyo ukikuta taa za poti zote zinapepesa pamoja na mtandao unajikokota, linganisha kwanza mida hiyo miwili kabla hujaandika ombi la kununua swichi mpya.