Faili za Kichina: usizifute kabla ya kujua zinaumwa nini

Hapa Nakuru faili za Kichina si kitu kigeni tena. Wanaosoma lugha hiyo kule Egerton, Njoro, huja nazo kwenye flashi; wauza vipuri vya pikipiki hutumiwa orodha za bei kutoka Guangzhou. Zikifunguka vibaya huletwa saiba kwangu, na mwenye faili huwa keshajiamulia tatizo ni nini.

“Faili imeharibika.” Hii ndiyo dhana inayoniuma, maana watu hufuta faili nzima kwa sababu yake. Mwanafunzi mmoja alinionyesha mstari ulioanza na ä½ å¥½ mahali pa 你好. Hakuna kilichoharibika pale. Katika UTF-8, jedwali la herufi za lugha zote, herufi hizo mbili huhifadhiwa kwa baiti sita, yaani namba sita ndogo za kompyuta: E4 BD A0 E5 A5 BD. Kompyuta yake ilizisoma kwa jedwali la herufi za Ulaya Magharibi, ambamo kila baiti ni herufi moja, ikatoa alama sita, mojawapo ikiwa nafasi tupu. Tulipoifungua upya na kuchagua UTF-8 kwenye Encoding, pale panapochaguliwa jedwali la herufi, Kichina kilirudi chote.

Baiti hizohizo ukizisoma kwa GBK, jedwali la herufi la China bara, unapata 浣犲ソ. Hapo ndipo uangalifu unapotakiwa: kwa asiyejua Kichina yanaonekana sawa kabisa, kumbe hayana maana. Mwombe anayekisoma akuangalizie.

“Weka fonti ya Kichina, kila kitu kitanyooka.” Fonti hutibu visanduku vitupu tu. Kisanduku maana yake kompyuta imeijua herufi ila haina umbo la kuichora, na Noto Sans CJK, iliyotolewa bure na Google na Adobe mwaka 2014, inatosha. Kwa ä½ å¥½ fonti haisaidii hata kidogo.

“Siku hizi kila kitu ni UTF-8.” Nyingi, ndiyo, Notepad, programu ya maandishi ya Windows, yenyewe huhifadhi hivyo bila kuambiwa tangu toleo la Windows 10 la 2019. Lakini faili za zamani za China bara mara nyingi ni GBK, na za Taiwan ni Big5, jedwali jingine. Programu ya Notepad++ hukuruhusu kujaribu zote mbili.

“Hata alama za kuuliza zitarudi kuwa Kichina.” Hapana. Ukihifadhi Kichina kama ANSI, ambayo kwenye Windows zetu hizi za Kiingereza ni lile jedwali la Ulaya Magharibi, kila herufi hufutwa na mahali pake huandikwa alama halisi ya kuuliza, baiti 3F. Herufi yenyewe haimo tena ndani ya faili. Kwa hiyo nakili faili kwanza, na ukiona mambo hayaeleweki, funga bila kuhifadhi.

Muuza vipuri mmoja alikuwa ameshahifadhi. Bei zote zilikuwepo, majina ya vipuri yote yamekuwa ????. Tulimwandikia aliyemtumia, tukamwomba aitume orodha upya.