Je, wajua kwa nini arei mbili zilezile (arei ni orodha ya vitu vilivyopangwa kwa mfuatano) zinaweza kukupa karata 52, au 17, au 13, au 4 tu?

Kama ndo unaanza kujifunza programu hili lazima likukute. Una arei mbili, umeambiwa uziunganishe kwa lupu, yaani amri ya kurudiarudia kazi, unaandika kodi yako haina erori hata moja, unairun, majibu yanatoka ya ajabu. Mara nyingi shida sio lupu, shida ni kwamba hujaamua kila elementi, yaani kila kitu, ya arei ya kwanza ikutane na nani kwenye ile ya pili.

Tuchukue karata maana wengi tunazijua. Arei ya kwanza tuiite aina, ina vitu 4: kopa, uru, shupaza na pau. Ya pili tuiite thamani, ina vitu 13, yaani ree, mbili, tatu mpaka kumi halafu J, Q na K. Tunataka pakiti nzima, kwa Python inakuwa hivi:

pakiti = []
for a in aina:
    for t in thamani:
        pakiti.append(t + " ya " + a)

Iangalie taratibu hiyo, usiikariri. Lupu ya nje inaishika kopa haiiachii, lupu ya ndani inapita thamani zote 13, ree ya kopa, mbili ya kopa, mpaka K ya kopa, ikishamaliza ndo ya nje inasogea hatua moja kwenda uru na ya ndani inaanza tena kule kwenye ree. 4 mara 13, unapata 52. Ukizigeuza, thamani ikawa nje na aina ikawa ndani, bado ni 52 zilezile ila mpangilio unabadilika, zitatangulia ree zote nne kwanza.

Huko kuanza upya kwa lupu ya ndani ndo kila kitu. Mtu akitumia while badala ya for, halafu j = 0 (j ndo namba inayohesabu tumefika wapi kwenye thamani) akaiweka juu kabisa, nje ya lupu zote mbili, basi kopa zikiisha j inakuwa imefika 13 na hakuna kinachoirudisha, uru ikija sharti la j < 13 limeshakuwa si kweli, lupu ya ndani inarukwa, shupaza hivyo hivyo, pau hivyo hivyo. Unabaki na karata 13 na zote ni kopa, na kompyuta haikulalamikii hata kidogo. Kwa hiyo ukiona majibu yameishia kwenye elementi ya kwanza tu ya arei ya nje, nenda kaangalie j = 0 imekaa wapi, inatakiwa iwe ndani ya lupu ya nje.

Hizo 4 zinatoka wapi? Hapo umetumia lupu moja na indeksi moja (indeksi ni namba ya nafasi ya kitu kwenye arei) kwa arei zote mbili, aina[i] na thamani[i], zinatembea sambamba: ree ya kopa, mbili ya uru, tatu ya shupaza, nne ya pau, kwisha. Kwa karata ni makosa, ila kwa majina ya wanafunzi na alama zao hiyo ndo njia sahihi, kila jina na alama yake, maana hutaki Asha apewe alama za darasa zima. Cha kuchunga ni urefu. Ukiipeleka i mpaka mwisho wa thamani, Python itakataa kwa IndexError, JavaScript itakupa undefined, yaani hakuna kitu, kimyakimya, na C itaenda kusoma kumbukumbu ambayo hata sio ya arei yako, na hiyo ni hatari kweli. Python ina zip ya kutembeza arei sambamba, lakini inasimama arei fupi ikiisha bila kukuambia kitu, ndo maana tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021 unaweza kuiandikia strict=True ikupe erori urefu ukitofautiana, na mimi naona kwenye data za watu uiweke kila mara.

17 ni 4 kujumlisha 13, yaani lupu mbili zimefuatana badala ya kuingiana, kopa uru shupaza pau halafu ree mbili tatu, hakuna aliyekutana na mtu. Ila kama arei zote mbili ni za namba na zimeshapangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, kuna namna tamu zaidi, kila arei na indeksi yake, unalinganisha namba mbili zilizo mbele, ndogo inatoka na indeksi yake tu ndo inasogea, moja ikiisha unamimina zilizobaki za mwenzake. Zinatoka zote zimepangika na hakuna indeksi iliyorudi nyuma hata mara moja. Njia hii mwanahisabati John von Neumann aliitumia kupanga data toka 1945.

Na lupu ndani ya lupu usiizoee hovyo. Chukua wateja 10,000 na malipo 10,000, unataka kila malipo yampate mwenyewe, ukiziingiza lupu moja ndani ya nyingine unaweza kufika ulinganishaji milioni 100. Badala yake pita kwanza wateja uwaweke kwenye dict ya Python (ni kama kamusi, unaipa namba inakupa mteja) kwa namba zao, halafu pita malipo ukiuliza namba moja moja, lupu mbili zimefuatana tu, hatua kama 20,000 kazi imeisha.