Oili chini ya gari la zamani: yanayosemwa na ukweli wake

"Gari la zamani lazima livuje, ukiona halivuji ujue oili imeisha." Maneno haya yameharibu injini nyingi nzuri, kwa sababu yanamfanya mwenye gari azoee dimbwi chini ya injini. Yana chembe ya ukweli. Zipo injini za zamani ambazo upande mmoja wa krenki shafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hauna sili ya mpira (pete ya kuzuia oili isitoke) kabisa. Kwenye Volkswagen Beetle ya injini ya kupozwa kwa hewa, kwa mfano, upande wa puli, gurudumu la mkanda, una mfereji uliochongwa mzunguko kama uzi wa skrubu, nao huirudisha oili ndani wakati injini inazunguka. Injini ya namna hiyo kuacha tone moja mawili baada ya safari ni jambo la kawaida. Dimbwi si kawaida, kwenye injini yoyote. Oili ikifika kwenye klachi, klachi itateleza ukipanda mlima. Ikidondokea bomba la moshi lenye moto, unacheza na moto wenyewe.

Wengi wakiona unyevu wanakimbilia spana. Kaza, kaza tena. Sasa itazame tapeti kava, kifuniko cha vali, ya bati jembamba: kila ulipokaza kupita kiasi, bati limebonyea kuzunguka tundu la bolti, na katikati ya bolti mbili limeinuka. Gasketi, ile ya kuzibia kati ya kifuniko na injini, imebanwa huku na kuachwa wazi kule, na oili inapita hapo hapo palipoinuka. Dawa ni kuifungua, kuilaza juu ya kitu bapa, kugonga taratibu mabonyeo yarudi, kuweka gasketi mpya na kukaza kwa kiasi, bolti zote kwa zamu.

Silikoni, gundi ya kuzibia maungio, nayo haiponyi kila kitu. Ukiijaza, ile inayofurika nje unaiona, ila inayofurika ndani huioni. Vipande vyake hukatika, vikashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo umeziba tone na kuinyima injini nzima oili. Paka utando mwembamba, tena pale tu panapohitaji.

Oili nzito? Inapunguza kasi ya kuvuja, haizibi kitu, na asubuhi injini ikiwa baridi inachelewa kufika juu. Dawa za chupa za kuzuia kuvuja nazo hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Kwa gasketi ya karatasi iliyochanika hazina la kufanya.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kuamini kwamba oili inavuja pale inapodondokea. Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone linaloning'inia kati ya injini na gia boksi linaweza kuwa limetoka juu kabisa, kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava. Osha injini yote, ikaushe, nyunyiza unga wa poda sehemu unazozishuku, kisha washa iungurume. Baada ya muda utauona mstari mweusi ukichora njia yake juu ya weupe. Ufuate kwenda juu mpaka unapoanzia.

Na hata ukipata mahali penyewe, usiseme bado kwamba sili imekufa. Kila injini hupitisha gesi kidogo pembeni ya ringi za pistoni. Gesi hiyo ina bomba lake la kutokea. Bomba likiziba, shinikizo linajaa ndani na oili inasukumwa nje kupitia popote palipo dhaifu. Mimi nilishusha gia boksi mara mbili kubadilisha sili ya nyuma ya krenki shafti, na mara zote mbili ikavuja ndani ya wiki. Mara ya tatu, kabla ya kugusa jeki, nilifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma: pumzi ikanipiga kiganjani kwa nguvu. Nikachomoa bomba la kupumulia. Ndani mlikuwa na uji mweusi ulioganda, hata waya wa spoki ulipita kwa shida. Nililoweka bomba kwenye mafuta ya taa usiku kucha, nikalisugua, nikalirudisha. Sili ile ile niliyoilaumu haijavuja mpaka leo.