Sisimizi vamizi: hatari yao hupimwaje?

Ukitaja sisimizi vamizi, yaani wale wanaofikishwa nchi za ugenini na kuwashinda wenyeji, swali la kwanza la watu wengi ni kama wanauma. Ni swali la haki, ila katika kupima hatari kwa usalama wa kibiolojia, yaani kuzuia viumbe wa kudhuru wasiingie na kuenea, haliji mapema. Orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani ina sisimizi watano. Mmoja wao ni sisimizi kichwa kikubwa, ambaye akikung'ata hutaacha ulichokuwa ukifanya. Amewekwa humo kwa sababu nyingine kabisa.

Tathmini huanza kwa kuuliza atafikaje. Malkia wengi wa spishi hizi hawaruki mbali kuanzisha makao mapya. Hutoka kwa miguu, wakifuatana na vibarua (sisimizi wafanyakazi) wachache, na kiota kimoja kikawa viwili. Kwa mwendo huo kundi husogea makumi ya mita kwa mwaka, wakati lori lililopakia miche huenda kilomita mia kadhaa kwa siku moja. Ndiyo maana mpimaji mzuri husoma nyaraka za mizigo zaidi kuliko vitabu vya wadudu: udongo ndani ya vifuko vya miche, magogo, matrekta yenye tope lililoganda chini, kontena tupu lililokaa kwenye majani wiki kadhaa kabla ya kupakiwa. Njia mpya ni biashara ya kuwafuga. Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, baada ya baadhi yao kukamatwa na malkia wapatao 5,000 ndani ya vijichupa vyenye pamba. Kesi ile ilizungumzwa sana kama wizi wa maliasili. Upande wa pili haukupewa uzito: malkia aliyekwisha kupandwa na dume hubeba mbegu za kiume mwilini kwa miaka, hivyo kila kijichupa ni kundi zima linalosubiri kumwagwa kwenye bustani ya nchi nyingine.

Akishafika, je, atashika makao? Hapa ramani za hali ya hewa husaidia, lakini zisiaminiwe kupita kiasi. Nchi yenye baridi ina majengo yanayopashwa joto, na nchi kavu ina mashamba ya umwagiliaji. Mimi huangalia zaidi jinsi wanavyoishi pamoja. Kiota chenye malkia wengi kinaweza kuzaliwa upya kutoka kwenye bonge dogo la udongo, mradi lina malkia mmoja na vibarua kadhaa. Tena viota vya spishi hizi mara nyingi havipigani vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo nguvu yote huelekezwa kwa majirani. Sisimizi wa Argentina wana kundi la namna hiyo kusini mwa Ulaya, kutoka Italia hadi Hispania, lenye urefu wa takriban kilomita 6,000.

Madhara ndiyo sehemu ngumu, na mfano mzuri zaidi ninaoujua uko Laikipia, Kenya. Migunga ya huko ina miiba yenye vinundu, na ndani yake huishi sisimizi wenyeji. Tembo akipeleka mkonga kwenye tawi, wao humvamia hadi ndani ya pua, naye huacha. Kichwa kikubwa alipoingia aliwaua walinzi hao, akala na mabuu yao. Mahali alipoenea, tembo huvunja migunga mara tano hadi saba zaidi. Uwanda ukawa wazi, na simba akakosa pa kujificha akimnyemelea pundamilia. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulionyesha kwamba kati ya 2003 na 2020 sehemu ya pundamilia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka 67% hadi 42%, huku nyati wakipanda kutoka sifuri hadi 42%. Jedwali la tathmini lenye safu za mazao, afya na miundombinu pekee lisingeona lolote kati ya hayo.

Kisiwa cha Christmas, katika Bahari ya Hindi, kina habari inayofanana: sisimizi wa manjano kichaa wameua makumi ya mamilioni ya kaa wekundu. Nguvu hiyo waliipata kwa wadudu gamba, ambao hunyonya utomvu wa miti na kutoa maji matamu yanayowalisha sisimizi. Kwa mkaguzi, jani lenye wadudu gamba ni sababu ya kugeuza kifuko na kutazama mizizi. Kwa bahati mbaya sheria nyingi za karantini ziliandikwa kwa ajili ya wadudu wanaokula mimea, na sisimizi hupita katikati ya idara mbili, kila moja ikidhani ni wa mwenzake.

Katika kutoa alama, uwezekano wa kufika, wa kushika makao na wa kuenea huzidishwa, haujumlishwi, maana kimoja kikiwa sifuri safari imeishia hapo. Kiwango cha uhakika wetu huandikwa pembeni, kisichanganywe na alama yenyewe. Binafsi ningeongeza safu moja: tukichelewa kumwona, bado tutaweza kumwondoa? Mwaka 2001 sisimizi-moto mwekundu aligunduliwa uwanja wa ndege wa Auckland, New Zealand, na mjini Brisbane, Australia. Auckland kilikuwa kiota kimoja, wakakimaliza. Brisbane alikuwa ameshaenea kabla ya kuonekana, na Australia inapambana naye hadi leo.

Ukiona sisimizi usiowajua kwenye mche au mzigo mpya, usikimbilie dawa ya kupuliza. Huua walio juu, na baadhi ya spishi hutawanyika zikianzisha viota vipya. Acha mzigo pale ulipo, weka sisimizi kumi au zaidi, wakubwa kwa wadogo, katika chupa yenye spiriti, kisha uipeleke kwa wakaguzi wa afya ya mimea. Ndani ya chupa tia karatasi iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka: mzigo ulitoka wapi, ulifika lini, na umeshahamishiwa wapi tangu hapo.