Maynard Jackson na zabuni za uwanja wa ndege wa Atlanta

Kazi yangu ni ununuzi wa umma hapa Tanzania. Kila ubishi unapozuka kuhusu ile asilimia 30 ya zabuni za serikali inayotengwa kwa makundi maalum (vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu), huwa namtaja Maynard Jackson, meya wa kwanza Mweusi wa Atlanta, Marekani. Wenzangu wengi hawamjui.

Jackson, mwanasheria, aliapishwa Januari 1974 akiwa na miaka 35. Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji, lakini kampuni zao hazikuwa zikipata hata asilimia 1 ya fedha za mikataba ya jiji. Wala hapakuhitajika kanuni ya kuwazuia. Kazi zilizunguka kwa watu waliozoeana. Hujawahi kufanya kazi kubwa? Hupati dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki au bima kumlipa mwenye mradi ukishindwa kazi. Huna dhamana? Hupewi kazi kubwa. Anayeomba zabuni kwetu anaujua mzunguko huo vizuri sana.

Turufu yake ilikuwa jengo jipya la abiria la uwanja wa ndege, mradi wa takriban dola milioni 500. Alitaka robo ya kazi iende kwa kampuni za Weusi na makundi mengine ya wachache. Wafanyabiashara wakubwa wakaja juu. Jackson akawajibu kuwa yuko tayari kuona magugu yakiota kwenye njia za kurukia ndege kuliko kujenga kwa utaratibu wa zamani, na kweli mradi ukachelewa. Mabenki nayo yakaambiwa: wekeni Weusi na wanawake kwenye bodi zenu, la sivyo amana za jiji zitahama. Benki iliyobisha, fedha zilihamishiwa kwa mshindani wake.

Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia. Kuandika asilimia kwenye kanuni ni rahisi. Kazi ipo kwenye kukubali mradi usimame huku unatukanwa kila siku.

Mbinu ya utekelezaji ilikuwa ubia. Kampuni kubwa ya Wazungu haikupewa kazi mpaka ije na mshirika kutoka makundi hayo ya wachache, na mshirika awe na hisa na sauti. Ndugu wawili Paschal, wenye mgahawa wa kuku wa kukaanga ambako viongozi wa harakati za haki za kiraia walizoea kukutana, waliingia ubia na kampuni kubwa ya Dobbs Houses kuuza chakula uwanjani. Herman Russell, aliyeanzia kwenye biashara ya lipu ya baba yake, naye akapata nafasi ya kushiriki kazi za ukubwa huo.

Ubia una ugonjwa wake, ule wa jina la kukodisha: mshirika yupo kwenye karatasi tu. Mkataba wa ubia ukifika mezani kwangu, ukurasa wa asilimia za hisa nauruka kwanza. Natafuta nani anasaini hundi, mitambo ni ya nani, mhandisi wa saiti ameajiriwa na nani, na hasara ikitokea inagawanywaje. Mshirika mwenye asilimia 40 ya hisa asiyesaini hundi hata moja ni kampuni ya mfukoni, hata kama mhuri wake unang'aa. Atlanta nayo haikuwa ya malaika: mwaka 1994 aliyewahi kuwa diwani na kamishna wa usafiri wa anga wa jiji alitiwa hatiani kwa rushwa iliyohusu biashara za uwanjani.

Jengo lilifunguliwa Septemba 21, 1980, ndani ya bajeti, na robo ile ikiwa imetimia. Waliotabiri kwamba ubora ungeshuka sijui walisema nini siku hiyo.

Pigo lilitoka mahakamani. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya jiji la Richmond dhidi ya kampuni ya Croson, ilifuta mpango wa Richmond wa kutenga asilimia 30 ya kazi kwa kampuni za makundi ya wachache: jiji lilikuwa halijathibitisha ubaguzi katika zabuni zake lenyewe. Mwaka huohuo mahakama ya juu ya jimbo la Georgia ikaufuta ule wa Atlanta. Jackson aliporudi madarakani mwaka 1990, utafiti wa kukusanya ushahidi wa ubaguzi huo ulifanywa na Andrew Brimmer, aliyewahi kuwa mjumbe wa bodi ya Benki Kuu ya Marekani, na Ray Marshall, waziri wa zamani wa kazi. Miji mingi ya huko sasa haithubutu kuweka lengo bila utafiti wa namna hiyo.

Kwetu sheria ipo, na orodha ya washindi utaipata. Omba ya walioomba wakakosa, pamoja na sababu zao, uone utakavyozungushwa.